Dari Ifuate Paa, Si Picha

Mwananchi wa Visiwani anapojenga nyumba hutumia fedha zake nyingi katika msingi, kuta na mabati. Dari huja mwisho, wakati mfuko umekwisha kuwa mwepesi na hamu ya kuhamia imezidi. Hapo mwenye nyumba ama humwachia fundi achague apendavyo, ama humwonyesha picha ya nyumba ya nchi nyingine na kumwambia, "Nataka kama hii." Matokeo yake tunayaona Unguja na Pemba: nyumba za kupendeza machoni ambazo saa nane ya mchana wakati wa kaskazi hazikaliki, na ambazo masika ya kwanza huziachia madoa ya maji juu ya vichwa vya wenyewe.

Yafaa basi ikumbukwe kwamba dari si pambo. Kazi yake ni kuamua joto la paa lishuke chumbani kwa kiasi gani, maji yanayovuja yaonekane mapema au yajifiche, mbu wapite au wazuiwe, na uzito ubebwe na nini. Kwa sababu hiyo dari haiwezi kuchaguliwa peke yake. Ni lazima ichaguliwe kwa kutazama paa lililo juu yake.

Zanzibar iko kiasi cha digrii sita kusini ya Ikweta. Jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na katika miezi mingine haliendi mbali sana. Maana yake ni kwamba katika visiwa hivi paa ndilo linalopigwa na jua kuliko ukuta wowote. Bati lililo wazi adhuhuri huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na bati kuukuu lililoingia kutu hupokea joto zaidi kuliko jipya linalong'aa. Joto hilo halingoji upepo ulilete chini. Hushuka lenyewe kama joto la jiko linavyomfikia mtu aliyekaa pembeni. Ndiyo maana mtu huweza kufungua madirisha yote akaendelea kuungua kichwa.

Wazee wetu waliyajua hayo. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Lamu na miji mingine ya mwambao, dari ilijengwa kwa boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake yalipangwa mawe ya matumbawe, kisha chokaa na kokoto zikashindiliwa mpaka zikawa sakafu ya chumba cha juu au paa la kuanikia. Wala si bure kwamba neno "dari" katika Kiswahili hutaja kile kinachofunika chumba cha chini na pia ghorofa iliyo juu yake: kitu kilikuwa kimoja. Unene ule ulikawia kupata joto, na kimo cha vyumba kiliacha hewa ya moto ikae juu ya vichwa vya watu. Lakini boriti zilikuwa na mpaka wake. Upana wa chumba haukuweza kuzidi sana mita mbili na nusu au tatu, ndiyo sababu vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Palipohitajika mahali papana, kama katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mafundi walijenga matao na kuba za mawe na chokaa. Yaani umbo la chumba lilitokana na kile kilichoweza kubebwa juu yake.

Siku hizi umeingia mtindo mwingine. Marekani na Ulaya watu wengi wamependa nyumba za mfano wa ghala la mkulima: paa refu la mgongo, sebule pana isiyokatwa, na dari inayofuata mteremko wa paa mpaka kileleni badala ya kulala sawa na kuta. Mtindo huo una uzuri wake, na baadhi ya wajenzi wetu wanautamani. Lakini ghala lile lilizaliwa katika nchi za theluji. Kule hushindiliwa sufi ya kioo kati ya mbao za paa, kwa nia ya kwanza ya kuzuia joto la ndani lisitoke. Sisi shida yetu ni kinyume: twataka joto la nje lisiingie. Anayechukua umbo la nyumba ile na kuacha kile kilichofichwa ndani ya paa lake amechukua picha tu.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta paa lililo wazi hadi kileleni. Banda la makuti ndilo hilo. Makombamoyo, pau na fito huonekana zote, na hapana anayelalamika kwa joto, kwa kuwa makuti hayashiki joto kama bati na hewa hupenya humo na kutoka. Chini ya makuti, basi, dari ya wazi ni chaguo jema, madhali mwenyewe yu tayari kuezeka upya kila baada ya miaka michache na kujihadhari na moto na nyaya za umeme. Chini ya bati tupu, dari hiyohiyo ya wazi ni adhabu.

Anayetaka umbo la ghala chini ya bati na azingatie mambo mawili. La kwanza, apigilie mbao au ubao wa dari upande wa chini wa mapau yanayofuata mteremko, aache nafasi kati yake na bati, na nafasi hiyo iwe na tundu la kuingizia hewa penye upenu na la kutolea penye kilele. Akiweza kuongeza karatasi ya kung'aa inayorudisha joto, au sufi, atapata nafuu zaidi. La pili, na hili ni la usalama, asiruhusu fundi kukata mbao ya chini ya kenchi ili sebule ionekane ndefu. Mbao hiyo, kama mtambaapanya katika nyumba za kienyeji, ndiyo inayozuia miguu ya paa isitanuke na kuzisukuma kuta nje. Paa lililonyang'anywa mbao hiyo linahitaji boriti imara ya kilele au mhimili mwingine uliopimwa na mhandisi. Macho ya fundi hayatoshi.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, dari ya kulala sawa ndiyo yenye bei tunayoimudu, na haina aibu yoyote. Uwazi ulio kati ya dari na bati ni ngao nzuri kama utapumua. Kosa lililoenea ni kuziba upenu wote kwa saruji, hata darini pakawa tanuri linalopika mpaka usiku. Matundu yenye wavu yaachwe pande mbili zinazokabili pepo za kaskazi na kusi. Wavu utawazuia popo na ndege. Kimo cha mita tatu kutoka sakafuni kinafaa, na huacha nafasi ya feni kuzunguka bila hatari.

Kuhusu vitu vya kufungia, mbao nzuri hudumu iwapo zimetiwa dawa ya mchwa, na ubao mmoja ukioza hubadilishwa peke yake. Ubao wa jasi, ambao mafundi huuita jipsamu, ni mweupe, hupendeza na hauwaki moto kwa urahisi. Lakini ukilowa hulegea na kuanguka. Basi jasi ifungwe tu baada ya paa kupita masika nzima bila kuvuja, na isiwekwe jikoni wala chooni isipokuwa ile iliyotengenezwa kuvumilia unyevu. Kwa nyumba zilizo karibu na pwani, misumari, skurubu na fremu ziwe za aina isiyoshika kutu upesi, kwani hewa ya chumvi hula chuma kimyakimya, na dari huanguka kwa sababu ya skurubu wakati ubao wenyewe ungali mzima. Kila dari iwe na mlango mdogo wa kupandia darini, ili mwenye nyumba aweze kutazama bati na nyaya zake walau mara moja kwa mwaka kabla ya mvua.

Asiye na uwezo wa mbao wala jasi asidhani kwamba hana la kufanya. Uchunguzi uliofanywa nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizofungwa dari ya wavu ziliingiwa na mbu wachache kwa karibu nusu kuliko zile zisizokuwa nayo, kwa kuwa mbu wa malaria hupenda kuingia penye uwazi kati ya ukuta na paa. Wavu hauzuii joto la bati, lakini unalinda watoto usiku na hauzibi hewa. Katika visiwa vilivyopigana na malaria kwa miaka mingi, jambo hili lastahili kufikiriwa na mamlaka za afya na za ujenzi kwa pamoja.

Kuna dari moja ambayo haifai kuguswa ovyo. Baadhi ya majengo ya zamani yalifungwa mbao za saruji yenye asbesto. Vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Mbao hizo zisikatwe kwa msumeno wala kuvunjwa kwa nyundo. Ziondolewe na watu waliofundishwa kazi hiyo.

Tukirudi Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, suala la dari lagusa uhai wa watu. Sakafu ya mawe na chokaa yenye unene wa sentimita 30 huweza kupita kilo 400 kwa kila mita moja ya mraba, na ikinywa maji huzidi. Uzito huo wote hubebwa na ncha za boriti zilizozama ukutani, na ncha hizo ndizo zinazooza kwanza penye bomba linalovuja au paa lililotoboka. Mwenye nyumba au mpangaji akiona dari imebonyea, ufa unaoifuata kingo ya ukuta, au unga wa mti ukidondoka chini ya boriti, asipake rangi akanyamaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wala tiba si kumwaga zege juu ya boriti kuukuu, kwani zege huongeza uzito, huzuia ukuta wa chokaa kutoa unyevu wake, na nondo zake huota kutu kwa chumvi iliyomo ndani ya matumbawe. Tiba ni boriti kwa boriti na chokaa kwa chokaa.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile ni la aina yake, wala hatulitaji ili kusema kwamba kila nyumba ya Mji Mkongwe ina kasoro ileile. Twalitaja kwa sababu lilitukumbusha kwamba jengo la kale halingoji bajeti.

Hata boriti nazo zina hesabu. Kwa karne nyingi majahazi yalizipeleka Uarabuni na Ghuba, na nyumba za kale za Oman na Bahrain zilifunikwa kwa mikoko ya mwambao wetu. Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Mikoko ni mazalio ya samaki na ukingo wa pwani dhidi ya bahari. Bandu bandu huisha gogo. Ni haki boriti chache zinazovunwa kwa kibali zitengwe kwanza kwa matengenezo ya nyumba za urithi, na majumba mapya yatumie mbao za kupandwa.

Kwa Serikali na Manispaa tuna maombi matatu. Mchoro unaoletwa kuombewa kibali cha kujenga uonyeshe dari, matundu ya hewa na kenchi, usiishie kwenye sura ya mbele. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, iwezeshwe kukagua dari kabla ya kila masika, ikianza na nyumba wanamoishi watu wengi. Na skuli zetu zilizoezekwa bati bila dari zipewe dari. Mvua kubwa inapopiga bati tupu, sauti ya mwalimu haisikiki nje ya madawati ya mbele. Jua linapowaka, watoto husinzia. Fedha tunayookoa kwa kuacha dari twailipa kwa masomo ya watoto wetu.

Ndugu mwananchi, unapofika siku ya kuchagua dari, weka picha pembeni kwanza. Panda juu ulitazame paa lako: ni la nini, linavuja wapi, hewa yapita wapi, na ni nini kinacholibeba. Ukiyajua hayo manne, fundi wako atajua la kufanya.