Ufukwe wa Mbwa Hautetewi kwa Mazoea

Katika miaka ya 1970 jiji la San Francisco liliikabidhi serikali kuu ya Marekani fukwe zake za Pasifiki, zikiwamo Ocean Beach na Fort Funston, ziingizwe katika hifadhi ya Golden Gate iliyoanzishwa mwaka 1972. Wakazi walikuwa wamezoea kuwafungulia mbwa wao wakimbie huko watakavyo. Kanuni za hifadhi za taifa nazo zinataka mbwa afungwe kamba isiyozidi futi 6, yaani mita mbili kasoro. Mwaka 1979 uongozi wa hifadhi ukatafuta njia ya kati: ukatoa sera ya kuruhusu mbwa wasiofungwa katika sehemu fulani, ilimradi mwenyewe akimwita anarudi. Sera ilikuwa ya busara, lakini haikupitishwa kuwa kanuni. Mgogoro uliofuata ulizaliwa hapo.

Mwaka 2001 uongozi ulitamka kwamba sera ile haikuwa na nguvu ya kisheria, na walinzi wakaanza kutoza faini. Baadhi ya wenye mbwa wakaipinga mahakamani. Mwaka 2005 Jaji William Alsup wa mahakama ya shirikisho akaunga mkono uamuzi wa hakimu wa chini: matumizi yaliyoruhusiwa kwa zaidi ya miaka 20, tena yenye ubishi mkubwa, hayawezi kufutwa kabla ya kutangazia umma na kupokea maoni yake. Watu wengi huisimulia hukumu hiyo kana kwamba ilimpa mbwa haki ya ufukwe. Haikumpa. Ilichoamua ni utaratibu, na kwa wanaotetea maeneo ya umma hilo ndilo fundisho kubwa kuliko ushindi wenyewe.

Kwa nini hifadhi ilitaka kamba? Sababu yake nzito ni ndege. Yuko ndege mdogo wa mchangani, wa jamii ya vitwitwi, aitwaye kwa Kiingereza western snowy plover, ambaye tangu 1993 sheria ya Marekani inamhesabu kuwa hatarini. Rangi yake ni ya mchanga mkavu. Anapohisi hatari hujibana kwenye shimo la unyayo wa mtu, na wapita njia hawamwoni. Ocean Beach hatagi mayai. Anakuja kupumzika, kula na kuweka mafuta mwilini kabla ya msimu wa kuzaa. Mbwa hahitaji kumng'ata ili amdhuru. Akikimbia tu karibu yake, ndege anaruka, anatumia nguvu aliyoichuma asubuhi nzima, anatua mbali kidogo, na mbwa wa pili anatokea. Ufukwe wenye mbwa wengi kutwa unaweza kumnyima ndege chakula ingawa wadudu wamejaa mchangani. Ndiyo maana kwenye vipande viwili vya fukwe zake, kimoja Ocean Beach na kingine Crissy Field, hifadhi iliweka kanuni ya kufunga kamba kuanzia Julai 1 hadi Mei 15. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ni ya haki. Inalinda kipande kinachojulikana, kwa majira yanayojulikana, kwa sababu inayoelezeka kwa mtoto wa shule, na inaacha ufukwe mwingine kwa mbwa.

Kwa upande mwingine wa ghuba ya San Francisco, mjini Richmond, kuna Point Isabel, rasi inayosimamiwa na mamlaka ya hifadhi za East Bay iliyoanzishwa mwaka 1934. Kabla ya kuwa mahali pa mapumziko, eneo hilo lilikuwa la viwanda. Mbwa wanaachiwa huko kwa ruhusa ya wazi, na wenye mbwa wameunda chama kinachohudhuria vikao vya bodi, kuwakumbusha wageni kanuni na kuitana siku za usafi. Jirani yake kuna kinamasi cha maji chumvi cha Hoffman, makazi ya ndege wa majini, nacho mbwa hawaruhusiwi kukiingia. Naipenda Point Isabel kwa sababu wanaoitetea ndio wanaookota uchafu.

Kuhusu uchafu, wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam wana la kujifunza moja kwa moja, kwa kuwa vimelea havijali mpaka. Kinyesi cha mbwa kinaweza kubeba mayai ya minyoo safura. Kwenye mchanga wenye joto na unyevu mayai huangua, na viluwiluwi hupenya ngozi ya anayetembea pekupeku, vikiacha mstari mwekundu unaowasha na kusogea siku hadi siku. Mifuko ya kuokotea, mapipa, na dawa ya minyoo kwa mbwa hukata mzunguko huo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo sharti lisilojadiliwa: wataalamu wa afya wanasema ikifikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi hukatika. Kampeni ya eneo la mbwa isiyodai chanjo haistahili saini ya mtu yeyote.

Tukirudi San Francisco, hifadhi ilitumia zaidi ya miaka kumi kutunga kanuni mpya. Kamati ya maridhiano ya wadau haikuafikiana kuhusu mpango mzima. Rasimu ikatoka mwaka 2011, nyongeza mwaka 2013, pendekezo la kanuni mwaka 2016. Wenye mbwa walijaa vikaoni, wakaandika maelfu ya maoni, wakafungua mashauri kudai nyaraka. Mwezi Oktoba 2017 mpango ukafutwa kabisa, na sera ya 1979 ikaendelea kutumika.

Wengine wanauita huo ushindi. Mimi nauona ni nusu. Ruhusa iliyobaki bado ni ya sera, na uongozi mwingine unaweza kuiangalia upya. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama mtaa wenu unataka kipande cha pwani kwa ajili ya mbwa, nendeni kwenye baraza na ramani iliyokwisha kutenga sehemu ya ndege na ya watoto, na orodha ya watakaosafisha. Kisha msikubali kuondoka na ahadi ya mdomo. Daini kanuni iliyoandikwa na kutangazwa.