Gari Likitetemeka Unapokanyaga Mafuta: Umwambie Fundi Nini?

Wanafunzi wetu wengi husoma msamiati wa gari kwa orodha: usukani, gurudumu, breki, injini. Orodha hiyo haitoshi mtu anapofika gereji. Pale fundi haulizi majina ya vyuma; anauliza gari linafanya nini, na linafanya hivyo lini. Hapa Uganda, hasa kwenye barabara ya malori yatokayo Mombasa kupitia Malaba, swali hilo mara nyingi huulizwa kwa Kiswahili. Katika makala haya tunachukua ugonjwa mmoja tu, wa gari kutetemeka dereva anapokanyaga mafuta, tuone unavyotafutwa na unavyotibiwa. Jibu lisilo wazi hugharimu pesa. Mtu akisema tu kwamba gari lake "linatetemeka", ni rahisi auziwe tairi mpya ilhali ubovu uko kwenye plagi.

Tuanze na vitenzi. Kutetemeka ni mtikiso mdogo wa haraka, kama wa mtu mwenye homa. Kutikisika ni kukubwa zaidi na polepole zaidi, kiasi cha kuona usukani ukicheza mkononi. Kusitasita ni pale gari linapotaka kuondoka, likazuilika, kisha likaruka mbele. Tofauti hii si ya darasani tu. Tairi ya gari dogo ina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzunguka kama mara 14 kwa sekunde. Propela ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huweza kuzunguka mara nne zaidi ya hapo. Tairi mbovu basi hutikisa. Propela mbovu hutetemesha, wakati mwingine kwa mvumo unaosikika sakafuni.

Baada ya kitenzi yafuata masharti, na hapa viambishi -ki- na -po- vinafanya kazi yake halisi. Sikiliza mazungumzo haya:

– Mwalimu, gari lina shida gani?
– Fundi, nikifika kilomita 60 na kukanyaga mafuta, linatikisika upande upande. Nikiachia, linatulia.
– Na ukilisimamisha, ukakanyaga mafuta kwenye gia huru?
– Hapo halina neno.

Kwa majibu hayo mawili fundi ameshapunguza kazi. Tairi isiyo na balansi hutikisika kwa mwendo fulani, mara nyingi kuanzia kilomita 80 hivi, na haijali kama mguu uko kwenye mafuta au umeondolewa. Injini inayomisi nayo mara nyingi ingeonyesha dalili hata gari likiwa limesimama, ingawa si kila mara, kwa sababu plagi dhaifu huweza kuvumilia hadi mzigo uongezeke mlimani. Jaribio jingine ni kushika mwendo uleule, kisha kubadili gia. Mtetemo ukibadilika pamoja na mzunguko wa injini, tafuta kwenye injini. Usipobadilika, tafuta chini, kwenye shafti na magurudumu.

Anayeshukiwa zaidi katika mazungumzo yetu ni jointi ya ndani ya shafti. Magari madogo mengi, kama Toyota Premio nyingi tunazoziona mjini Kampala, huvutwa na magurudumu ya mbele. Mara nyingi ndani ya jointi hiyo mna vigurudumu vidogo vitatu vinavyoteleza katika kikombe chenye girisi. Raba inayoifunika ikichanika, girisi hutoka, mchanga huingia, na kikombe huchimbika. Shafti ikibeba nguvu, vigurudumu hukwama kwenye vishimo hivyo. Ukiachia mafuta, mzigo hupungua na gari hutulia. Kubadili raba peke yake wakati kikombe kimeshachimbika ni kupoteza pesa.

Ikiwa ni injini, dalili ni kusitasita, na huenda taa ya injini ikawaka. Taa hiyo ikimwekamweka, punguza mwendo mara moja: petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na yaweza kuunguza kifaa cha kusafishia moshi. Mashine ya kupimia ikionyesha P0301, silinda ya kwanza ndiyo inayomisi. Kabla ya kununua koili, mwombe fundi abadilishane koili ya silinda ya kwanza na ya tatu. Namba ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Isipogeuka, zifuate plagi na nozeli. (Fundi atasema "gari inamisi", na mwanafunzi atatamani kumsahihisha upatanisho wa ngeli. Tunashauri angoje kwanza gari lipone.)

Gari la klachi likitetemeka wakati wa kuondoka tu, sahani ya klachi huenda imelika au imeingiwa na oili. Raba zinazoshikilia injini, ambazo gereji huziita mauntini, zikichoka, injini huruka kila ukikanyaga mafuta. Wakati wa kulipima hilo breki ishikwe barabara, na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari.

Propela ndiyo isiyofaa kuahirishwa. Kwenye matatu aina ya Toyota Hiace, viungo viitwavyo krosi vikilegea husikika "ko" gia inapoingia. Krosi ikikatika njiani, propela yaweza kuangukia lami abiria wakiwa ndani. Zima injini, kingia magurudumu mawe, kisha shika propela na kuizungusha huku na huku. Isicheze kwenye krosi. Inapofunguliwa, fundi aweke alama ya rangi pande zote mbili, ili irudi ilivyokuwa. Vipande vyake vikiunganishwa bila kulingana, hata krosi mpya zitatetemesha gari.