Thamani ya Safari (4): Bei ya Kutojua Utafika Saa Ngapi

Habari za daraja jipya la Jangwani, Dar es Salaam, zimenirudisha kwa William Vickrey, mchumi ninayemheshimu kuliko wote walioandika juu ya usafiri. Alizaliwa Kanada mwaka 1914, akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliishauri New York itoze nauli ya treni za chini ya ardhi kulingana na saa na msongamano. Ushauri ukawekwa kando, naye hakuacha kuutetea. Oktoba 1996 alitangazwa mshindi wa Nobel. Siku tatu baadaye akafariki. Nasikitika kila nikikumbuka jinsi heshima ile ilivyochelewa.

Makala yake ya mwaka 1969 ndiyo chimbuko la somo letu. Humo msafiri anachagua saa ya kutoka nyumbani, akipima foleni dhidi ya hasara ya kuwahi mno au kuchelewa. Mwaka 1982 Kenneth Small alizipima hasara hizo kwa wafanyakazi wa eneo la San Francisco: dakika ya kuchelewa kazini iliwagharimu zaidi ya mara mbili ya dakika ya kuwa njiani.

Sasa rudini kwenye hesabu yetu ya wiki iliyopita, ya kugeuza dakika kuwa shilingi. Chukueni njia mbili, kila moja wastani wa dakika 50. Ya kwanza haipungui 45 wala haizidi 55. Ya pili siku mbili ni 30, ya tatu 90. Kwa wapimaji wetu wa wastani ni sawasawa, lakini anayepita ya pili hulazimika kutoka dakika 90 kabla, kila siku. Uingereza huutia mtawanyiko huo bei: kwa magari ya mijini, dakika moja yake huhesabiwa 0.4 ya dakika ya safari.

Njia kama ya pili tunayo: Bonde la Msimbazi likifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mabasi ya mwendokasi husimama. Siku hizo ni chache, zinamezwa na wastani wa mwaka. Mwenye ajira ya kudumu akichelewa ataomba radhi. Kibarua wa Kimara atakuta nafasi yake imechukuliwa. Kuwahesabia wote wawili hasara ileile ni dhuluma. Tathmini ya mradi wowote wa barabara Dar es Salaam ionyeshe muda wa safari siku ya mvua, na kuupima kunahitaji saa, daftari na mtu wa kusimama kituoni.