Ali wa 1966 dhidi ya Tyson wa 1988

Mwaka 1969 Muhammad Ali na Rocky Marciano walipigana mbele ya kamera, katika ulingo usio na watazamaji, na miisho kadhaa ya pambano lao ikarekodiwa. Mshindi aliteuliwa na kompyuta iliyolishwa takwimu zao. Januari 1970 Wamarekani wakaoneshwa Marciano akishinda kwa KO raundi ya 13. Mwenyewe hakuliona hilo, kwani alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 1969. Ubishi wa nani angempiga nani haujaisha tangu hapo, na siku hizi majina yanayotajwa zaidi ni Ali na Mike Tyson.

Ubishi huo unaweza kujibiwa kitaalamu, ila kwa sharti: kabla ya kulinganisha majina, taja usiku. Mashabiki wengi humbeba Ali mwenye miguu ya 1966, uvumilivu wa Kinshasa 1974 na moyo wa Manila 1975. Hao ni mabondia watatu, na hawakupata kukutana katika mwili mmoja. Kwa hiyo namchukua Ali wa Novemba 14, 1966, aliyemmaliza Cleveland Williams kwa raundi tatu mjini Houston. Upande wa pili namweka Tyson wa Juni 27, 1988, aliyemwangusha Michael Spinks kwa sekunde 91 kule Atlantic City. Ali ana miaka 24, Tyson amebakiza siku tatu kutimiza 22.

Uzito hauwatenganishi: Ali alikuwa na kilo kama 96, Tyson 99. Kinachowatenganisha ni kimo na mikono. Ali ana sentimita 191, Tyson 178. Na mikono ya Ali ikinyooshwa kwa upana inampita mwenzake kwa sentimita 18 hivi.

Tyson alifundishwa na Cus D'Amato kuugeuza ufupi kuwa silaha. Glavu zinakaa mashavuni, kichwa kinahama kwa kila hatua, kisha anapita chini ya mkono wa mpinzani na kuachia konde la kushoto la kuzungusha. Konde hilo hilo ndilo ugonjwa wa Ali, kwa sababu alishusha mikono na kuukwepa mpigo kwa kurudisha kichwa nyuma. Sonny Banks alimwangusha nalo 1962, Henry Cooper 1963, Joe Frazier 1971. Kwa sharti letu Frazier tumweke kando, maana alimkuta Ali aliyetoka kukaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu. Hata hivyo Banks na Cooper wanatosha, na Tyson alikuwa na mikono myepesi na mizito kuliko yao. Anayesema Tyson asingemgusa Ali hajatazama mapambano haya kwa makini.

Sasa tumgeukie Tyson. Mwaka 1986 James Tillis alimzungushazungusha hadi raundi ya 10. Mwaka 1987 James Smith alimkumbatia raundi 12, na Tony Tucker naye akazimaliza 12. Wote walishindwa kwa pointi, lakini walionesha jambo: mpinzani asiyetetemeka, anayetembea na kumfunga mikono akisogea karibu, humfanya Tyson aachie konde moja moja badala ya msururu. Tokyo 1990 James Douglas, mrefu kama Ali, aliitumia njia hiyo na kumwangusha raundi ya 10. Yule alikuwa Tyson aliyezembea mazoezi, lakini njia yenyewe ilikuwa imeshaonekana alipokuwa bora. Na Ali wa 1966 alikuwa na kasi ambayo hakuna kati ya hao wanne aliyeikaribia. Machi mwaka huo huo alistahimili makonde ya mwilini ya George Chuvalo kwa raundi 15 mjini Toronto.

Imebaki kanuni. Enzi za Ali ubingwa ulipiganiwa raundi 15. Baada ya bondia Mkorea Duk Koo Kim kufa kwa majeraha ya ulingoni, Novemba 1982, mashirika ya ngumi yalianza kuzipunguza kuwa 12. Tyson hakuwahi kupigana raundi ya 13.

Uamuzi wangu ni huu. Raundi nne za kwanza ni za Tyson, na Ali anakwenda chini walau mara moja. Anasimama, kama alivyosimama kwa Banks na Cooper. Kuanzia ya sita mkono wa kushoto ulionyooka unaanza kumvimbisha Tyson macho, na kila akiingia anakumbatiwa. Kwa raundi 12 Ali anashinda kwa pointi chache. Kwa raundi 15 mwamuzi analisimamisha pambano katika ya 13 au ya 14. Anayempa Tyson ushindi anayo hoja nzito, na mzigo wake ni mmoja: aoneshe jinsi Tyson angemaliza kazi kabla ya raundi ya sita, dhidi ya mtu ambaye katika maisha yake yote ya ulingo hakupata kuhesabiwa hadi kumi.