Kudhalilisha, Kutweza na Kudunisha: Maneno ya Kushusha Thamani na Utu

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtaabisha mfasiri ni yale yanayoeleza kitendo cha kukiondolea kitu thamani yake au kumwondolea mtu heshima yake. Maneno hayo ni kama 'degrade', 'demean', 'debase', 'humiliate', 'belittle' na 'devalue'. Aghalabu yote hufasiriwa kwa fungu moja la maneno, yaani 'kushusha hadhi', na msomaji huachwa akisie mwenyewe kilichoshushwa ni nini, na aliyekishusha ni nani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kina akiba ya kutosha ya maneno ya kutenganisha maana hizo.

Asili ya maneno

Yafaa kwanza kutazama asili ya maneno yenyewe. 'Degrade' limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ngazi au daraja. Kwa hiyo maana yake ya awali ni kumtoa mtu katika daraja lake. 'Humiliate' latokana na neno la Kilatini la ardhi: anayetendewa hivyo huwa ameshushwa hadi mavumbini. 'Debase' lilitumika sana kuhusu sarafu za fedha zilizochanganywa na madini hafifu. 'Demean' lina asili mbili: moja ya Kifaransa cha kale, yenye maana ya kuenenda, na nyingine ya Kiingereza, yenye maana ya hali ya chini. Ndiyo sababu 'demeanour' ni mwenendo tu wa mtu, wala halina tusi ndani yake. 'Belittle' huhusishwa na Thomas Jefferson wa Marekani, aliyelitumia katika miaka ya 1780, na baadhi ya Waingereza wakalikejeli kuwa si Kiingereza.

Mfano wa Mazimbu

Tofauti ya maana hizo yaonekana vyema Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ilikipatia chama cha ANC cha Afrika Kusini eneo hilo, lililokuwa shamba la mkonge. Hapo ilijengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wanafunzi wake wengi walikuwa wameikimbia elimu iliyowekwa na sheria ya mwaka 1953 kwa ajili ya Waafrika. Makazi hayo yalikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Tuseme mfasiri amekuta elimu hiyo ya Afrika Kusini ikiitwa kwa Kiingereza 'degrading education'. Akiandika 'elimu duni', atakuwa ameeleza kiwango tu: madawati machache, vitabu vichache, walimu wachache. Lakini shule yaweza kuwa duni kwa sababu ya umaskini, pasipo mtu kukusudia. Sheria ile ilikusudia kumwandaa Mwafrika awe mtumwaji. Hiyo ilikuwa 'elimu ya kudunisha'. 'Duni' ni sifa isiyomtaja mtenda. 'Kudunisha' ni kitendo, na kitendo hakikosi mtendaji. Mfasiri akichagua sifa mahali pa kitenzi, humwondoa mkosaji katika sentensi.

Kutoka Mazimbu huonekana milima ya Uluguru, na huko neno lile lile la Kiingereza lina kazi nyingine. Wataalamu wa kilimo husema 'land degradation'. Ardhi haina utu, kwa hiyo haidhalilishwi. Huharibika, na mkulima husema 'udongo umechoka'. Istilahi ifaayo ni 'uharibifu wa ardhi', na mmomonyoko ni namna yake mojawapo. Hata hivyo, maana zote mbili zilikutana katika milima hiyo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko, hata upinzani ukazuka mwaka 1955. Kilichokuwa kinga ya ardhi machoni pa watawala, kwa wakulima kilikuwa shuruti ya kuwatweza.

Lugha ya sheria

Katika sheria kosa la uteuzi wa neno laweza kumpunguzia raia haki yake. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 yataja kutweza na kudhalilisha pamoja, pale ambapo Kiingereza chatosheka na neno moja, 'degrading'. Kutweza ni kumfanya mtu aonekane wa kudharauliwa. Kudhalilisha ni kumtia katika unyonge asiweze kujitetea. Mfasiri ambaye angeandika 'adhabu ya kushusha hadhi' angemfanya mtumishi wa serikali adhani yahusu kuteremshwa cheo, jambo ambalo ni adhabu halali kazini.

Kadhalika mfasiri azingatie mahali. Zanzibar neno 'udhalilishaji' hutumika sana kwa vitendo vya ukatili wa kijinsia dhidi ya wanawake na watoto. Taarifa iendayo huko isilitumie kwa maneno ya kejeli tu. Hapo 'kubeza' au 'kufedhehesha' yatafaa zaidi.

Mapendekezo

1. Cheo: kushusha cheo.
2. Sarafu ya nchi: kushusha thamani.
3. Bidhaa au madini yaliyochanganywa: kughushi.
4. Ardhi: kuharibu, uharibifu.
5. Juhudi au kazi ya mtu: kubeza, kudunisha.
6. Mtu mbele ya watu: kufedhehesha, kuaibisha.
7. Utu wa mtu: kutweza, kudhalilisha, naye ajitendeaye mwenyewe, kujidhalilisha.

Kabla ya kuteua neno, mfasiri hana budi kujiuliza maswali mawili: kilichoshushwa ni nini, na nani aliyekishusha? Akiisha kuyajibu, neno la Kiswahili halitamtoroka.