Hewa ya chini, hewa ya juu

Kati ya Juni na Agosti upepo wa Singida haubishi hodi. Ilongero iko kaskazini mwa mji wa Singida, kwenye barabara iendayo Haydom, na kipupwe kikianza kuvuma kutoka mashariki hakuna msitu wa kukizuia. Atakayekoka moto uani asubuhi ya siku kama hiyo ataona mambo mawili kwa mpigo: kuni zinateketea upesi, na maji hayachemki. Moto umelalia upande mmoja wa mafiga na kulamba hewa tupu, sufuria imebaki vuguvugu.

Aliyekulia kwenye nyumba ya jiko la mkaa anajua dawa yake tangu utotoni. Jiko lina mlango mdogo chini, chumba cha majivu kilipo. Ukiuacha wazi mkaa unachanganya. Ukiufunga moto unapoa. "Funga mlango wa jiko, wali utashika chini!" ni amri ambayo kila mtoto ameipokea akiwa katikati ya mchezo. Kwa hiyo habari ya kurekebisha jiko si ngeni kwetu hata kidogo. Kinacholeta taabu ni jiko la peleti, kwa sababu lenyewe lina hewa mbili, na wengi wanaolipata wanaliendesha kama lina moja.

Peleti ni vipande vidogo vya mviringo, vyenye unene wa milimita 6 au 8, vinavyotengenezwa kwa kusaga pumba za mbao, maganda au mabua na kuyashindilia kwenye tundu kwa nguvu kubwa. Hazihitaji gundi. Joto la kushindiliwa hulainisha lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu wake, nayo ikipoa hushikamanisha kila kitu. Peleti nzuri ina unyevu usiozidi asilimia 10, wakati kuni tunazoziita kavu zinaweza kuwa na asilimia 15 hadi 20. Maji hayo lazima yageuke mvuke kwanza kabla kuni haijampa mpishi joto lolote, na gharama yake hulipwa na kuni hiyohiyo.

Jiko lake ni mkebe uliosimama. Unajaza peleti, unawasha juu, na moto unashuka taratibu kuelekea chini. Watu wawili walilifikia wazo hili kila mmoja kivyake. Thomas Reed, mwanakemia wa Marekani, alilianza mwaka 1985. Mwingine ni Paal Wendelbo wa Norway, ambaye jiko lake liliitwa Peko Pe, na ambaye katika miaka ya 1990 alilipeleka Adjumani, kaskazini mwa Uganda, kwa wakimbizi waliokuwa wamezungukwa na nyasi kavu lakini hawana miti. Nyasi zilipikia. Arusha nako kampuni ya Kiwia & Laustsen ilitengeneza Jiko Bomba kwa ajili ya peleti. Majiko mapya zaidi, kama Mimi Moto, yana feni ndogo inayoendeshwa kwa betri ya sola, na kitufe cha kuongeza au kupunguza kasi.

Sasa hizo hewa mbili. Hewa ya chini inapenya katikati ya peleti. Ni kidogo, haitoshi kuziunguza zote, lakini inatosha kuzipasha hadi zitoe gesi. Gesi hiyo inapanda, na juu ya mkebe inakutana na hewa ya pili inayoingia kwa matundu ya pembeni, ndipo inapolipuka kuwa mwali. Moto unaouona unaunguza gesi. Peleti zenyewe ziko chini zinageuka mkaa. Kwa maneno mengine, hewa ya chini ndiyo inayoamua utapata moto kiasi gani, na hewa ya juu ndiyo inayoamua kama moto huo utakuwa safi.

Ukishalielewa hilo, moshi unaanza kukueleza kosa liko wapi. Moshi mweupe mzito maana yake gesi inatoka lakini haijashika moto. Washa tena juu, usikimbilie kuongeza feni. Mwali mwekundu unaoyumba na kupaka sufuria masizi maana yake gesi ni nyingi kuliko hewa ya juu, hivyo punguza hewa ya chini, au inua sufuria kidogo kama imekalia mdomo wa mkebe na kuuziba. Mwali wa njano, mfupi, unaojisokota, ndio unaotafutwa. Na pale unapoona mwali umekatika na kubaki kivuli cha buluu juu ya makaa mekundu, gesi imekwisha. Sasa una jiko la mkaa. Hatua hiyo ya mwisho tutairudia, kwa sababu ndiyo inayoua.

Upepo wa Ilongero unaingilia hapohapo kwenye tundu la chini. Jiko lisilo na feni likielekezwa mashariki, upepo unalifanyia kazi ya feni ambayo hakuna aliyeiomba: hewa ya chini inazidi, gesi inafurika, hewa ya juu inashindwa kuimudu, na peleti za saa moja zinakwisha kwa nusu saa. Tiba yake haina gharama. Geuza tundu lielekee usikotoka upepo, na zungushia jiko bati au matofali huku ukiacha nafasi ya kupumua. Nimeona watu wakilaumu peleti kwa jambo ambalo lingekwisha kwa kuligeuza jiko.

Kuna pia suala la mwinuko, ambalo vitabu vya maelekezo ya majiko haya mara nyingi havikuliandika kwa ajili yetu. Uwanda wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo feni ile ile kwa kasi ile ile inapeleka oksijeni pungufu. Kasi iliyopangwa kwa pwani itatoa masizi Ilongero, ongeza kidogo. Na maji nayo huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, ndiyo maana maharage ya bara yana sifa ya ukaidi. Kuyaloweka usiku kucha kunaokoa nishati kuliko kitufe chochote.

Tufanye hesabu kidogo. Kupandisha lita 5 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunahitaji megajuli 1.6 hivi. Peleti ina megajuli 17 kwa kilo. Kwenye jiko linalofikisha asilimia 40 ya joto kwenye sufuria, gramu 230 zinatosha. Kwenye mafiga matatu, ambako asilimia 12 au zaidi kidogo tu ndiyo inayofika kwenye sufuria, unahitaji karibu gramu 900 za kuni. Mkaa kwenye jiko la kawaida la bati utatumia gramu 220 hivi, na hapo unaonekana umelingana na peleti, mpaka ukumbuke kwamba kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo inaweza kula kilo 7 hadi 10 za mti porini. Gramu 220 za mkaa ni kilo moja na nusu ya kuni au zaidi, ambayo sehemu yake kubwa iliishia angani kabla gunia halijafika sokoni.

Hiyo ni kuchemsha. Fedha nyingi hupotea baada ya kuchemka. Kuku wa kienyeji wa Singida, ambaye abiria wa mabasi ya Mwanza wanamjua vizuri, si wa kukimbiza. Anataka saa na zaidi ya kutokota. Sufuria inayochemka kwa kelele haina joto zaidi ya ile inayotokota polepole. Zote ziko nyuzi 95. Kinachozidi ni mvuke. Na kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka megajuli 2.3, yaani moto mwingi kuliko ule uliochemsha lita 5 tangu mwanzo. Kwa hiyo pale kifuniko kinapoanza kurukaruka, shusha kitufe hadi mwisho, au, kwa jiko lisilo na feni, sukuma kibati kinachofunika tundu la hewa ya chini mpaka ubaki upenyo mdogo. Hewa ya juu usiiguse. Mwenye mazoea ya mlango wa jiko la mkaa hufunga kila tundu analoliona, na hapo ndipo nyumba inapojaa moshi na lawama zikaanza.

Kikwazo ni kwamba mkebe hauongezwi peleti katikati ya safari bila kuvuruga moto. Mimi Moto lina vyumba viwili vya kubadilisha, kikubwa na kidogo, na ukweli ni kwamba uamuzi wa kwanza wa marekebisho unafanyika kabla ya kuwasha: chai haihitaji chumba kikubwa, na mkebe unaweza kujazwa nusu.

Kwa nini basi tuzungumzie peleti Ilongero, mahali ambapo wengi bado wanapikia kuni? Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034, na gesi ya mtungi haiwezi kufika kila kitongoji kwa bei anayoimudu mkulima. Alizeti iko mlangoni. Baada ya mavuno mabua yake hubaki mashambani, na wengi huyachoma ili kusafisha shamba. Yanaweza kusagwa na kushindiliwa. Lakini peleti ya alizeti ina tabia zake: majivu yake ni mengi kuliko ya mbao na yana potasiamu nyingi, ambayo kwenye moto mkali hufanya majivu yayeyuke na kuganda kama kioo juu ya matundu ya chini. Jiko lililoenda vizuri wiki nzima kwa peleti za mbao linaanza kuzimika. Anayetumia peleti za alizeti aendeshe hewa ya chini kwa kiasi, moto usiwe mkali kupita inavyohitajika, na akung'ute mkebe kila baada ya kupika huku akichokonoa matundu kwa msumari. Majivu yenyewe yasitupwe. Potasiamu ile ndiyo mbolea ya bustani ya mchicha.

Nchi za baridi zina jiko la peleti la aina nyingine, la kupashia nyumba, na Italia ndiko lilikoenea zaidi barani Ulaya. Mwafrika Mashariki aliyehamia kaskazini mwa nchi ile hulikuta sebuleni: tangi la peleti nyuma, mota inayozisukuma kidogokidogo, feni inayovuta moshi kwenye bomba, na kioo mbele. Mipangilio yake ni miwili ya msingi, kiasi cha peleti na kiasi cha hewa, na jinsi ya kuisoma haitofautiani na ya mkebe wetu. Kioo kikipaka masizi meusi ndani ya saa chache, peleti zimezidi au hewa imepungua. Mwali ukiruka juu na kutupa cheche huku joto likikimbilia bombani, hewa imezidi na unapasha anga la jirani. Mlango usioshika sawasawa hupimwa kwa karatasi: ibane mlangoni, kisha ivute; ikitoka bila upinzani, kamba ya kuzibia imechoka na hewa inaingia pasipotakiwa. Na moto mdogo wa kudumu hutumia peleti vizuri zaidi kuliko kuwasha na kuzima mara kwa mara, maana kila kuwasha kuna moshi wake.

Lakini jiko lile lina bomba linalotoa moshi nje. La kwetu halina. Tembe la Kinyaturu lenye kuta nene na madirisha madogo linatunza joto vizuri, na nyumba za bati na matofali zinapoa mara jua likizama, ndiyo maana usiku wa Julai wapo wanaoingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Kila msimu wa baridi magazeti yetu yanaripoti familia iliyokutwa asubuhi haina uhai. Kinachoua ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu kuliko oksijeni na kumlaza mtu usingizi wa moja kwa moja. Inatoka kwa wingi zaidi pale moto unapoonekana mpole: makaa mekundu, hakuna moshi, hakuna mwali. Jiko la peleti lililomaliza gesi yake liko katika hali hiyo hasa. Hakuna namna ya kulirekebisha likawa salama kwenye chumba kilichofungwa. Kama kuna makaa yamebaki, yazimwe nje kwa kufunikwa bati na mchanga, yatumike kesho kwenye pasi.

Joto la kulalia linaweza kuchukuliwa kwa maji badala ya makaa. Lita 5 zilizochemshwa uani, zikaingizwa ndani kwenye sufuria yenye kifuniko kizito na kuwekwa pasipofikiwa na watoto, zikipoa hadi nyuzi 25 zinatoa joto la wastani wa wati 50 kwa saa nane. Si nyingi, ila sehemu ya maji hayo ikitiwa kwenye mfuko wa mpira chini ya blanketi inatosha miguu ya mzee.

Zinabaki fedha. Huko Rwanda kampuni ya Inyenyeri ilijaribu mpango mzuri: familia za vijijini zilileta matawi na kubadilishana na peleti, za mjini zilinunua peleti na kukabidhiwa majiko ya Mimi Moto. Hata hivyo mwaka 2020 ikafunga. Anayetaka kuweka mashine ya peleti karibu na mashine za kukamulia alizeti za Singida asianzie kwenye maganda, kwa kuwa mashine nyingi ndogo hukamua mbegu na ganda lake, ganda linaishia kwenye mashudu, na mashudu tayari yana mnunuzi: ng'ombe na kuku. Aanzie kwenye mabua, ahesabu nauli ya kuyatoa shambani, umeme wa kuyasaga na siku za kuyakausha, halafu alinganishe na bei ya gunia la mkaa pale Ilongero.