Sokwe wa Rubondo

Akitajwa mnyama anayelindwa kwa hima ya walimwengu, wengi humkumbuka panda wa Uchina, ashindaye mchana kutwa akitafuna mianzi. Na ni wachache, hata miongoni mwetu tuishio Geita na Shinyanga, wajuao kuwa katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria na ndani ya mkoa huu huu wa Geita, wanaishi sokwe mtu wenye kisa cha ajabu kuliko cha panda.

Baina ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt na wenzake waliwafikisha kisiwani humo sokwe 17, waliokamatwa wangali wadogo katika misitu ya Afrika Magharibi, wakapelekwa Ulaya, na baadhi yao wakakaa miaka mingi nyuma ya vyuma, wakilishwa kwa mikono ya watu. Walipofunguliwa hapakuwa na mwalimu wa kuwaonyesha tunda lipi laliwa na lipi huachwa. Baadhi, kwa kuwa hawakuwa tena na hofu ya wanadamu, waliwashambulia watu. Lakini taratibu waliingia msituni, wakajitafutia riziki, wakazaa, na wajukuu wao wakawa wakimkimbia mtu kama afanyavyo sokwe yeyote wa mwituni. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa katika habari hii yote, kwamba tabia ya asili haikufutwa na kizimba.

Tazama jinsi wanavyolala. Jioni, kabla giza halijaingia, kila sokwe mkubwa hupanda mtini, akavuta matawi mabichi, akayakunja na kuyakandamiza kwa miguu, akatandika majani laini juu yake, na kwa dakika chache kitanda kiko tayari. Mtoto hulala na mamaye, na usiku wa pili hutengenezwa kingine. Mchana hutawanyika vikundi vikundi, wakiitana kwa makelele yasikikayo mbali, na wakitua huchambuana manyoya kwa utulivu mkubwa. Chakula chao azizi ni mabungo, yale yale ambayo watu wa pwani huyafanyia sharubati.

Rubondo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, nayo ina kilometa za mraba zipatazo 456, maji ya ziwa yakiwamo, ambamo sato na sangara huzaliana kwa amani. Huku bara, ambako miti imekatwa kwa matimba, yaani magogo ya kuegemeza maduara (mashimo) ya dhahabu, na kwa mkaa, msitu wa namna ile ni nadra kuonekana. Hata hivyo kizazi kilichotokana na sokwe 17 tu huenda kikawa dhaifu, na maradhi yetu huwaambukiza upesi, mafua yakiwamo. Ndiyo sababu mgeni mwenye kikohozi hapaswi kuwakaribia, japo awe amesafiri kutoka mbali kwa ajili yao.